Mzee aulizwe kabla hajakata kauli

Makazi ya wazee yanajua kulisha, kuvisha na kuogesha. Kazi iliyobaki nyuma ni kumuuguza mzee anayekufa, na kazi hiyo inaanza kwa kumuuliza.

Anayepokelewa katika makazi ya wazee huingia kwa namna nyingi: kwa miguu yake, kwa mkongojo, kwa kiti cha magurudumu, mkononi ana kifurushi cha nguo na barua ya afisa ustawi wa jamii. Kutoka, kwa walio wengi, ni kwa namna moja tu: hutoka wamebebwa. Mfawidhi analijua hilo, mpishi analijua, na mzee mwenyewe analijua kuliko wote. Lakini angalia yanayopangwa. Chakula kina ratiba, usafi una zamu, kliniki ina siku yake, na wageni wanaoleta mchele, sabuni na mafuta wakati wa sikukuu wana utaratibu wao. Kifo peke yake huachwa kijipange chenyewe, na kikibisha hodi kila mtu hukimbia huku na huko kutafuta gari.

Mimba tunaiandalia. Mama ana kadi ya kliniki, ana kanga safi alizoweka kando, anajua atajifungulia wapi na nani atamsindikiza uchungu ukimshika usiku. Mzee wa miaka 86 ambaye hajainuka kitandani tangu mwezi uliopita hana hata moja kati ya hayo.

Nyumba iliyokubali kumtunza mzee hadi mwisho wa maisha yake imekubali pia kumuuguza katika kufa kwake. Kazi hiyo ina ujuzi wake, ina dawa zake na ina watu wake. Na mlango wake ni mmoja, nao hauhitaji bajeti: kumuuliza mzee mwenyewe, mapema, angali na akili zake na sauti yake, anataka siku zake za mwisho ziwe vipi.

Wasio na wa kuwasemea

Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu Watanzania milioni 61.7, na kati yao wenye umri wa miaka 60 na zaidi walikuwa asilimia 5.7, yaani karibu milioni 3.5. Wengi wao wanazeeka mikononi mwa watoto, wajukuu na majirani. Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 iliiweka familia mbele katika matunzo ya mzee, na kuyafanya makazi kuwa kimbilio la mwisho. Kwa hiyo unapofika Nunge kule Kigamboni, Kolandoto mkoani Shinyanga, Bukumbi mkoani Mwanza, Fungafunga mjini Morogoro, au ukivuka bahari hadi Sebleni na Welezo kisiwani Unguja na Limbani kisiwani Pemba, unakutana na wale ambao kimbilio hilo la mwisho ndilo lililobaki.

Historia zao hazifanani. Baadhi ya makazi haya yalianza kama mahali pa kuwatenga watu waliougua ukoma, na wapo waliopona zamani lakini hawakupata tena pa kurudi, kwa sababu ugonjwa ulipoondoka ulikuwa umeshaondoka na vidole, na hofu ya ndugu haikuondoka. Kanda ya Ziwa kuna akina bibi waliokimbia vijiji vyao baada ya kunyooshewa kidole kuwa ni wachawi. Wamo pia waliotoka makwao ujanani kutafuta kibarua, kwenye mashamba ya mkonge au mjini, wakazeekea ugenini bila mke, mume wala mtoto.

Upande wa Kenya, ibara ya 57 ya Katiba ya mwaka 2010 inatambua haki ya mzee kuishi kwa heshima na kupata matunzo kutoka kwa familia na dola, na nyumba za wazee zilizopo nyingi zinaendeshwa na mashirika ya dini. Zanzibar nayo ilianza Aprili 2016 kumlipa pensheni jamii kila mkazi aliyetimiza miaka 70, bila kujali kama aliwahi kuajiriwa. Hizi ni hatua za kumwezesha mzee kuishi. Tunachohitaji sasa ni nyingine za kumsindikiza.

Mzee anayefia kwao ana watu wa kumsemea. Binti anajua kwamba mama hawezi kulalia ubavu wa kushoto. Mdogo wake anajua kwamba aliapa kuzikwa karibu na kaburi la mama yao. Jirani anajua yule mwana aliyegombana naye anapatikana kwa namba gani. Makazini hakuna anayejua hayo ila kama kuna aliyeuliza. Mzee akishakata kauli, ameondoka nayo.

Swali moja kwa muuguzi, machache kwa mzee

Nchini Uingereza, nyumba nyingi za wazee zimefundishwa mpango wa matunzo ulioasisiwa na daktari Keri Thomas mwaka 2000, ambao ndani yake mna swali ambalo muuguzi hujiuliza mwenyewe kuhusu kila mzee: je, ningeshangaa kusikia kwamba huyu amefariki ndani ya mwaka mmoja ujao? Kama jibu ni hapana, ni wakati wa kuvuta kiti na kuzungumza naye.

Swali hilo si utabiri. Muuguzi anaweza kukosea, na mzee akaishi miaka mingine mitano. Kazi ya swali ni kutuamsha tuone yanayotokea mbele ya macho yetu: nguo zinampwaya, anaanguka mara kwa mara, amelazwa hospitali mara mbili au tatu ndani ya miezi michache, anashinda amelala, uji anaonja vijiko viwili na kuusukuma.

Hapa ndipo wengi hukwama. Kumtajia mtu kifo, tunaambiwa, ni uchuro. Lakini tuwe wakweli kuhusu wazee wetu. Pwani kuna bibi wengi ambao sanda yao imekunjwa kitambo chini ya kasha, na kila wakifungua kutoa kanga wanaiona. Wazee wa bara huwaonyesha wajukuu mahali watakapolala. Dini zinahimiza wosia. Tunaoogopa mara nyingi ni sisi vijana, na woga wetu tunauita heshima.

Mazungumzo yenyewe hayahitaji maneno makubwa. Tuchukulie muuguzi kijana ameketi kando ya kitanda asubuhi, kazi za kuogesha zimekwisha.

– Shikamoo babu.

– Marahaba, mjukuu wangu. Leo umekaa kitako, huna haraka?

– Leo nimekuja tuongee. Naona umepungua siku hizi, na uji unauacha.

– Mwili umechoka.

– Wewe mwenyewe hali yako unaionaje?

– Naiona. Mvua za mwakani sidhani kama zitanikuta.

– Ikitokea ukazidiwa, babu, ungependa tukufanyie nini? Kuna jambo linakutia hofu?

– Msinipakie kwenye gari. Safari ile nilishinda kwenye korido, simjui mtu, hanijui mtu. Niacheni humu humu kwenye kitanda changu. Na sheikh aitwe mapema.

– Na ndugu?

– Yupo mtoto wa dada yangu, Kilosa. Tulikosana kwa ajili ya shamba. Mwambieni sina neno naye.

Muda wa kunywa kikombe cha chai umetosha kujua mambo manne: anachokihofia, mahali anapotaka kufia, ibada anayoitaka, na jamaa mmoja wa kutafutwa ili mzee huyu afe amepatana na watu wake. Tazama pia muuguzi alichofanya. Hakuanza kwa kutaja kifo. Alianza na uji, akamwachia mzee aseme mwenyewe anavyojiona, na jibu zito lilipokuja hakulifunika kwa "usijali babu, utapona". Sentensi hiyo, pamoja na wema wake, hufunga mlango ambao mzee alikuwa ameshaufungua.

Wapo ambao hawatataka kuzungumza. Waheshimiwe. Wapo watakaosema, "Hayo muulizeni mwanangu." Hilo nalo ni jibu kamili, liandikwe kwenye daftari la mzee huyo. Na kinachosemwa leo kinaweza kubadilika baada ya miezi mitatu, kwa hiyo daftari lifunguliwe tena na mzee aulizwe tena. Ndani yake yawemo mambo yanayoeleweka na kila anayeingia zamu: nani aitwe, usiku au mchana, dini yake na ibada anayoitaka, abaki hapa au apelekwe hospitali, na kwa jambo gani, azikwe wapi, vitu vyake vichache apewe nani.

Kubaki makazini hakuna maana ya kunyimwa tiba. Mzee aliyevunjika nyonga, anayevuja damu, au mwenye malaria au homa ya mapafu inayotibika, anapaswa kupelekwa hospitali kama mtu mwingine yeyote, ikiwa ndivyo anavyotaka. Na tiba shufaa, yaani matunzo ya kumpunguzia mgonjwa mateso pale ugonjwa usipoponyeka, haimharakishii mtu kifo wala haikiahirishi. Inashughulika na saa alizobakiwa nazo, zisiwe za mateso.

Maumivu si haki ya uzee

"Uzee ndio huo," huambiwa mzee anayeguna kila akigeuzwa. Si kweli. Maumivu yana chanzo, na mengi yana dawa.

Aliyelifanya jambo hili kuwa taaluma ni Cicely Saunders, Mwingereza aliyekuwa muuguzi, kisha mfanyakazi wa ustawi wa jamii, kisha akasomea udaktari, na mwaka 1967 akafungua St Christopher's Hospice jijini London. Aliwafundisha madaktari wenzake kwamba maumivu ya anayekufa ni ya mwili, ya moyo, ya mahusiano na ya roho kwa pamoja. Yule babu mwenye mpwa Kilosa anaweza kupewa dawa zote na bado asilale, kwa sababu kinachomuuma ni ugomvi wa shamba.

Kwa maumivu makali ya mwili, dawa kuu inabaki mofini. Imo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani tangu orodha hiyo ianze mwaka 1977. Mofini ya kunywa ni unga unaochanganywa na maji na kutiwa kwenye chupa, hutolewa kwa kipimo kidogo kila baada ya saa nne, na hupandishwa polepole kufuata maumivu. Bei yake ni ndogo. Hata hivyo tume ya jarida la The Lancet iliyotoa ripoti mwaka 2017 ilionyesha kwamba kati ya tani 298.5 za dawa za jamii ya mofini zilizosambazwa duniani kwa mwaka, nchi maskini kabisa ziliambulia tani 0.1. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu milioni 56.8 huhitaji tiba shufaa kila mwaka, na wanaoipata ni kama asilimia 14 tu.

Jirani yetu Uganda alithibitisha kwamba umaskini si kisingizio. Mwaka 1993 daktari Anne Merriman alianzisha Hospice Africa Uganda jijini Kampala, akaanza na mofini ya maji inayotengenezwa palepale. Mwaka 2004 Uganda ikaruhusu kisheria wauguzi na maafisa tabibu waliopata mafunzo maalumu kuiandika dawa hiyo, jambo ambalo hadi wakati huo lilikuwa la madaktari. Uamuzi huo ulitokana na hesabu rahisi: vijijini hakuna daktari, lakini muuguzi yupo. Kenya ina Nairobi Hospice tangu mwaka 1990. Tanzania ina Taasisi ya Saratani Ocean Road, na ina hospitali kama Selian ya Arusha na Muheza mkoani Tanga zilizotangulia kuwafuata wagonjwa majumbani na huduma hii. Ujuzi tunao. Haujafika wodini kwa wazee.

Mofini inaogopwa, wapo wanaoiita dawa ya kumalizia. Ikitolewa kwa kipimo sahihi haimalizi mtu. Siku za mwanzo inaweza kuleta usingizi na kichefuchefu, na mara nyingi hayo hupita. Kinachobaki ni kufunga choo, kwa hiyo dawa ya kulainisha choo ianze siku ileile. Mzee ambaye figo zake zimechoka huanza na kipimo kidogo zaidi, kwa nafasi ndefu zaidi. Ni dawa yenye udhibiti mkali wa sheria, na ndiyo maana makazi hayawezi kujiendea peke yake. Yanahitaji hospitali ya wilaya au ya mkoa iliyoyapokea kama sehemu ya eneo lake la kazi.

Na si kila jambo linahitaji mofini. Parasetamoli inayotolewa kwa saa badala ya kusubiri mzee alalamike hufanya kazi kubwa. Kidonda kinachonuka hutulizwa harufu kwa kusafishwa na kunyunyiziwa tembe zilizosagwa za metronidazoli, ile wengi wanayoijua kama flajili, na mzee aliyekuwa anakimbiwa na wenzake akapata tena mtu wa kukaa naye. Mzee aliyewahi kuugua ukoma anaweza kuwa na kidonda unyayoni asichokihisi kabisa, kwa hiyo miguu yake ikaguliwe kwa macho kila siku.

Anayehitaji umakini zaidi ni yule asiyeweza kusema. Mwenye ugonjwa wa kusahau, ambao wataalamu huuita dimenshia, hatakwambia panapomuuma. Mtazame usoni unapomgeuza: paji limekunjamana? Ngumi zimefumbwa? Anavuta mguu, anaguna, anampiga anayemvalisha? Mara nyingi huitwa mkorofi, kumbe ameumia.

Siku tatu, nne za mwisho

Mwili unaojiandaa kuondoka hutoa dalili. Usingizi unazidi. Miguu na mikono inapoa, ngozi ya magoti inabadilika rangi. Pumzi inakwenda mbio, inasimama, inarudi. Chakula hakitakiwi.

Hilo la mwisho ndilo linalowatesa waliobaki. "Mnamuua kwa njaa," jamaa akifika husema, na mhudumu kwa kuogopa lawama huchukua kijiko na kulazimisha uji. Mzee anapaliwa, uji unaingia mapafuni, na siku zake za mwisho zinakuwa za kikohozi na kuhema. Mwili ule hauwezi tena kukitumia chakula. Akitaka kuonja, aonjeshwe, kijiko kimoja, ameinuliwa kichwa. Akigeuza uso, mwache.

Badala yake shughulikia kinywa. Kati ya yote yanayoweza kufanywa kando ya kitanda kile, hili ni dogo na lina faida kubwa. Anayekufa hupumua kwa mdomo, na mdomo hukauka hadi ulimi unashikana na kaakaa. Chukua kitambaa laini kilicho safi, kichovye kwenye maji ya kunywa, kikamue. Anza na midomo. Ingia taratibu ndani ya shavu moja, kisha la pili, pitisha juu ya fizi, malizia na ulimi. Usisugue. Paka midomo mafuta. Baada ya saa moja au mbili rudia. Utaona uso unalegea, na aliyekuwa akihangaika anatulia. Kazi hii haihitaji shahada, inahitaji mtu aliyefundishwa mara moja na aliyepewa muda wa kuifanya.

Mgongo nao una zamu yake. Mzee asiyejigeuza hugeuzwa kila baada ya saa mbili au tatu, na watu wawili wakishika shuka lililo chini yake ili ngozi isiburutwe, mto ukiwekwa kati ya magoti. Akianza kutoa mkoromo kooni, alazwe ubavu, kichwa kiinuliwe kidogo. Sauti ile inawatisha wanaoisikia, lakini kwa kawaida yeye mwenyewe haimsumbui. Na watu waendelee kuongea naye, kwa sababu kusikia huaminika kudumu hadi karibu na mwisho. Aitwe kwa jina lake. Aambiwe nani ameingia. Mabishano ya zamu na mishahara yafanyiwe nje.

Kama ni Mwislamu, shahada itajwe taratibu sikioni pake bila kumshurutisha, aelekezwe kibla kama inawezekana, na wanaojua wamsomee Yasini. Kama ni Mkatoliki, padri aitwe kwa ajili ya mpako wa wagonjwa wakati mzee bado anaweza kuitikia sala, si pumzi ya mwisho inapotoka. Kama ni Mlutheri, mchungaji alete meza ya Bwana. Kama ni wa imani ya mababu, kuna wa kabila lake makazini atakayejua la kusema. Daftari likiwa limeandikwa, hakuna wa kubahatisha.

Na asiachwe peke yake. Katika Nyumba ya Wazee iliyoko Kasarani, Nairobi, wapo masista wa shirika la Masista Wadogo wa Maskini, ambao desturi yao popote walipo ni kupokezana kukesha na mzee anayekata roho, usiku na mchana, hadi atakapoondoka. Shirika hilo lilianzia Ufaransa mwaka 1839, katika mji wa Saint-Servan, mwanamke maskini aitwaye Jeanne Jugan alipomchukua bibi mmoja kipofu barabarani wakati wa baridi na kumpa kitanda chake mwenyewe. Mwaka 2009 Kanisa Katoliki lilimtangaza mtakatifu. Kukesha hakuhitaji watawa peke yao. Vijana wa msikiti, akina mama wa jumuiya, wanachuo wa uuguzi na wa ustawi wa jamii wanaweza kupangwa zamu wakifundishwa mambo machache, na wengi watakubali wakiombwa.

Karatasi haikeshi

Hapa kuna onyo kutoka Uingereza ambalo tulichukue mapema. Miaka ya 1990 wataalamu wa Liverpool waliandaa mwongozo wa kumtunza anayekufa, kwa nia ya kuupeleka mahospitalini ule wema wa nyumba za tiba shufaa. Ulisambaa nchi nzima. Lakini mahali pengi fomu ilichukua nafasi ya mtu. Visanduku vilitiwa alama, familia hazikuambiwa kinachoendelea, na zikaja simulizi za wagonjwa walionyimwa hata maji. Mwaka 2013 tume iliyoongozwa na Julia Neuberger ilipendekeza mwongozo ule uondolewe, na ukaondolewa.

Funzo lake ni kwamba daftari ninalolitetea hapa linaweza kuwa hatari likigeuzwa kazi ya kujaza nafasi kabla mkaguzi hajafika. Linafaa pale tu linapotokana na mazungumzo, na linapomrudisha mtu kando ya kitanda.

Wanaobaki

Mzee akifa makazini, wapo wanaofiwa hata kama hana ndugu. Yule aliyelala naye chumba kimoja miaka tisa ameamka na kukuta kitanda kimevuliwa shuka. Mhudumu aliyemwogesha kila asubuhi anatakiwa saa hiyohiyo aende kumwogesha mwingine. Tunawadhulumu wote wawili tukinyamaza.

Baadhi ya nyumba za wazee Uingereza zimeacha desturi ya kuutoa mwili kwa mlango wa nyuma. Mwili hutolewa kwa mlango wa mbele, wenzake na wafanyakazi wamesimama. Kwetu jambo hilo halipaswi kuwa geni, kwa kuwa msiba ni jambo tunalolijua. Jina la marehemu litangazwe wakati wa kifungua kinywa, watu wakae matanga hata kwa siku moja, asomewe dua au sala, na wazee wenye nguvu wapelekwe makaburini. Kaburi lenyewe liwe na jina. Mzee mwingine anayetazama yote hayo anajifunza jinsi naye atakavyotendewa, na amani anayoipata siku hiyo hakuna dawa inayoweza kumpa.

Wahudumu nao wapewe nafasi ya kukaa pamoja baada ya msiba, hata kwa nusu saa, waseme lililokwenda vizuri na lililowaumiza. Wengi wao wanalipwa kidogo na wanazika mara nyingi. Mhudumu asiyewahi kuulizwa anaendeleaje mwisho hufa ganzi, na ganzi hiyo humfikia mzee.

Pa kuanzia

Mfawidhi wa makazi anaweza kuanza wiki hii bila kibali cha mtu. Apitie orodha ya wazee wake, ajiulize lile swali la mwaka mmoja kwa kila jina, na achague watatu wa kuzungumza nao kwanza. Atenge chumba kimoja chenye dirisha na kiti cha mgeni. Awe na namba za imamu, padri na mchungaji ukutani, pamoja na namba ya muuguzi wa hospitali ya wilaya.

Hospitali za wilaya ziyahesabu makazi ya wazee kama wodi zao zilizo nje ya uzio. Muuguzi mmoja aliyesomea tiba shufaa, akifika mara moja kwa wiki na kupatikana kwa simu siku nyingine, atapunguza safari za gari zisizo na faida na atafungua njia ya mofini. Serikali zetu, kwa upande wao, zina mfano wa Uganda wa mwaka 2004 mlangoni: wauguzi wenye mafunzo waruhusiwe kuiandika dawa hiyo, kwa masharti na kwa kumbukumbu. Na vigezo vya kusajili nyumba ya wazee viulize jambo ambalo ni haki kuuliza: mzee akifikia mwisho, mmejiandaaje?

Kuna nguvu nyingine ambayo hatujaiita. Maelfu ya Wakenya na Watanzania wanafanya kazi katika nyumba za wazee Uingereza na Marekani. Tangu mwaka 2021 Kenya na Uingereza zina makubaliano ya kuajiri wauguzi wa Kenya kule. Ndugu zetu hawa wanajua kumgeuza mzee bila kumuumiza, kusafisha kinywa, kusoma maumivu usoni, kukaa na familia usiku wa mwisho. Wakija likizo, waombwe siku mbili katika makazi yaliyo karibu na kwao. Ujuzi wanaouuza ughaibuni unahitajika Kolandoto pia.

Wageni wanaokwenda makazini na mchele na sabuni waendelee, vitu hivyo vinahitajika. Lakini mwenye nafasi abaki baada ya picha kupigwa, aketi na mzee mmoja, amuulize anatoka wapi, anamkumbuka nani, na kuna neno gani angependa lifikishwe kwa mtu. Kisha amwambie muuguzi, na muuguzi aandike. Mzee aliyekuja makazini kwa kukosa wa kumsemea anastahili kuondoka duniani maneno yake yakiwa yamesikika na kutekelezwa, na hilo liko ndani ya uwezo wetu.